Mtani Asiye na Kibali

Gaborone, Botswana
Mwezi wa saba, baridi kali

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako aliyekaa jikoni kajifunika blanketi, kikombe cha chai mkononi, anakuwaza wewe na watu wote wa Mnero. Hujambo? Mguu unaendeleaje, ule uliojikwaa nao wakati wa kukata ufuta? Bakari aliniambia kwenye simu kwamba umeshaanza kuukanyagia, lakini mwanao huyo namjua, nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo. Nijibu wewe mwenyewe. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, homa hii iliyoikamata dunia haijanigusa. Ile nyungu uliyoniamuru nijifukize nimejifukiza. Mwarobaini huku sikuupata, nikaweka maganda ya limau na majani ya mkaratusi, nikatoka chini ya blanketi macho mekundu mpaka jirani akanipa pole bila kuuliza ya nini.

Najua utasema, mtu ana simu, anaandika barua ya nini? Lakini ni wewe uliyesema sauti nikikurekodia zinakupita tu, huwezi kuzirudia huku unapepeta. Basi nimeandika kwa mkono na kupiga picha ukurasa mmoja mmoja, Bakari atakuonyesha. Mwambie asitangulie kusoma yeye, ana mdomo huyo.

Nina jambo la kukusimulia, na ni refu kidogo. Tafuta mkeka ukae.

Unaikumbuka kazi yangu? Nilipokueleza kwamba chuoni huku nafundisha vijana udongo, ulicheka ukasema serikali ya watu inamlipa mtu kuchezea matope. Ni kweli hukukosea sana. Kabla ya haya maradhi nilikuwa naingia darasani na ndoo za udongo wa aina mbalimbali. Kila mwanafunzi nampa donge, analilowesha, analifinyanga kiganjani, halafu analisukuma kwa kidole gumba litoke utepe. Udongo wa mfinyanzi unatoa utepe mrefu, unaning'inia. Mchanga hautoi kitu, unavunjikavunjika. Huhitaji mashine, vidole vyenyewe vinakuambia. Darasa zima lina mikono michafu na kelele, huyu anamcheka yule, na mimi napita katikati yao nikiwatania.

Utani ndio ulionifanya nikubalike huku, dada. Mgeni sina ndugu, sina lugha yao ya kutosha, nikaona nitumie nilichokuja nacho. Wanafunzi wanaotoka vijiji vya upande wa Serowe, ambako ardhi ni mchanga mtupu, niliwafanya watani wangu tangu siku ya kwanza. Nawaambia, "Nyie wa mchangani, kwenu mtu akichimba choo leo, kesho kimehama." Nao wananijibu kwamba mimi natoka nchi ya vumbi jekundu, ndiyo maana soksi zangu hazijawahi kuwa nyeupe. Tukicheka hivyo, somo linaingia bila mtu kujua limeingia.

Halafu chuo kikafungwa. Wanafunzi wakaambiwa warudi kwao, sisi walimu tukaambiwa tufundishe kupitia mtandao, kila mmoja kwake. Nikaitoa kompyuta chumbani nikaileta hapa jikoni, nikaiweka juu ya sufuria niliyoipindua ili kamera inipate usoni. Na hapo ndipo nilipoanza kuwa mpweke kweli, dada, sikufichi. Mbele yangu sina watu, nina vijisanduku vyeusi vyenye majina. Wengi wanazima kamera kuokoa bando. Nikiuliza swali, kimya. Nikitania, kimya. Mtu akinyamaza mbele yako unajua amenyamaza vipi, unamwona mabega. Kimya hiki hakina mabega. Siku moja nilishika donge la udongo, nikalisogeza kwenye kamera, nikasema, "Mnausikia ulivyo laini?" Nikabaki nimelishika hivyohivyo kama mwehu.

Ikawa kila nikifunga kompyuta nawaza nyumbani. Si kuwaza kwa kawaida. Naweza kuwa naosha kikombe, mara nasikia kabisa mlio wa ufuta ukimwagika kwenye turubai, ule mlio wa mvua ndogo, tunapoyapindua matita na kuyagongagonga, na mama anatukemea tusikanyage pembeni. Nakumbuka ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, uliyokuwa unanifungia kwenye kitambaa nikienda shule, ikifika saa nne imeshapoa, mimi nakula kidogokidogo ili isiishe. Nakumbuka darasa letu, watoto wanne dawati moja, ukiandika kiwiko cha mwenzako kinaandika na wewe. Nilikuwa nalalamika kubanwa. Leo ningelipa nauli yoyote nibanwe tena vile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kuna mwanafunzi anaitwa Thato. Ni kijana mrefu, mpole, yuko mwaka wa mwisho, kwao ni kijiji kimoja cha huko huko Serowe. Nilipobuni kwamba kila mmoja achukue udongo wa uani kwao tuufanyie kazi pamoja, ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuleta, na ni yeye peke yake ambaye hakuwa anazima kamera. Anakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yao, kuku wanapita nyuma yake. Dada, nilikuwa nafundisha nikiwaangalia wale kuku. Walikuwa wananipa moyo.

Halafu Thato akapotea kwenye vipindi. Kiongozi wa darasa, binti anaitwa Lesego, akaniambia amefiwa na bibi yake, mama mzazi wa mama yake, ndiye aliyemlea. Nikamtumia pole. Baada ya maziko akarudi, siku hiyo kamera ameizima, nimeona jina tu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha kuona lile jina. Na wewe unajua sisi tulivyolelewa. Mtani akifiwa, unamwendeaje? Utakaa na uso wa huzuni kama mgeni? Nikamwambia mbele ya darasa zima:

"Thato, pole sana baba. Lakini hebu tuambie ukweli, nyie watu wa mchangani mmemzika bibi kweli, au mchanga umeporomoka, yeye keshatoka yuko jikoni anaulizia chai?"

Nikasubiri kicheko. Kimya. Jina la Thato likatoweka pale kwenye kioo. Na mimi, dada, nikadhani mtandao umekata! Nikasema, "Naona tumempoteza Thato, ataingia tena," nikaendelea kufundisha jinsi maji yanavyopenya ardhini.

Kipindi kilipokwisha Lesego akaniandikia: "Mwalimu, Thato hajakatika. Ametoka mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa karibu naye, simu iko wazi, amesikia yote."

Nilikaa kwenye kiti mpaka chai ikaganda utando.

Siku zikapita, Thato haonekani. Namwandikia, anasoma, hajibu. Mkuu wa idara akaniita kwenye simu, mtu mzuri tu, akanishauri niandike barua ya kuomba radhi kwa lugha ya ofisi. Nikaandika. Ilikuwa barua safi, imenyooka, ningeletewa mimi ningeitumia kuwashia moto. Hakuna jibu. Na tatizo halikuwa aibu yangu tu. Kijana yuko mwaka wa mwisho, vipindi vya vitendo ni lazima, akizidi kukosa anafutwa kwenye mtihani, anaanza upya mwaka, na ufadhili wake unaondoka. Mtoto wa watu, bibi amemlea kwa taabu mpaka hapo, halafu anaangushwa na mdomo wangu. Nilikuwa nakosa hata hamu ya ugali.

Ungekuwa Mnero ungeniambia, "Sele, inuka, nenda, kaa chini kwenye mkeka wao, uinamishe kichwa." Ningekwenda. Lakini huku wameigawa nchi mafungu, kutoka fungu moja kwenda jingine ni kwa kibali, na kibali cha kwenda kuomba radhi hakipo. Nikabaki naizunguka meza hii.

Mwisho nikamwomba Lesego amuulize mama Thato kama angekubali nimpigie. Jibu likaja: apige saa nane mchana.

Nikapiga. Ikapokelewa kwa sauti nzito ya mtu mzima.

"Wewe ndiye mwalimu wa mchanga?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe ni nani wa mama yangu, hata umzungumzie vile?"

Dada, swali gani hilo! Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nimeshaipanga kichwani, yote ikayeyuka. Kwa sababu lilikuwa swali la haki kabisa. Kwetu mtu hatanii tu, anatania kwa kuwa ni mtani. Mimi wa Mnero na bibi wa Serowe, ni nani wangu?

Nikamwambia ukweli, si mtu wake. Halafu nikamwomba anisikilize kidogo tu, nikamsimulia msiba wa mama yetu.

Samahani, nilikutaja. Nilimwambia kwamba mama alipotutoka, dada yangu alikaa ukutani hali, halii, hasemi, macho yake yako mlangoni tu, shangazi wa Kiegei akasema huyu mtoto naye tutampoteza. Nikamwambia kwetu kila ukoo una watani wake, watu ambao kazi yao kwenye msiba ni kuleta vurugu, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Watani wetu wanatoka Chunyu. Akaingia Mama Chiku, hana hodi wala pole, akaenda moja kwa moja chumbani kwa marehemu, akajifunga kanga ya mama vilevile mama alivyokuwa anaifunga, fundo ubavuni, akatoka uani na ungo, anatembea mwendo wa mama, anaita kama mama: "Bakari! Sele! Zuhura! Aa, wewe ntoto, jina lako unalijua mwenyewe, njoo hapa!" Watu wakaanza kuangaliana. Akaingia ghalani, akatumbukiza mkono kwenye chungu cha mbaazi, akatoa kifuko cha sukari. "Haya, waombolezaji! Miaka yote nnakunywa chai kavu nyumba hii, nnaambiwa sukari imekwisha. Sukari hii hapa! Nwizi kafa, leo tunakunywa!"

Nikamwambia mama Thato, dada yangu alicheka mpaka akaanguka kwenye mapaja ya jirani. Na alipokuwa anacheka ndipo machozi yakatoka, akalia kilio alichokuwa amekishindwa, na jioni ile akala.

Nikamaliza. Nikasikia kuku. Wale wale kuku.

Kisha akasema taratibu, "Na sisi tunao. Kwetu ni ntsala, binamu, watoto wa mjomba na wa shangazi. Wao ndio wenye ruhusa ya kutucheka." Akawafukuza kuku. "Wangu wako Francistown. Walinyimwa kibali. Mama nimemzika na watu wachache, wamesimama mbalimbali, barakoa usoni, hata kama kuna mtu alitabasamu nisingemwona. Tukanawa mikono, tukaingia ndani. Tangu siku ile nyumba hii hakuna aliyeinua sauti. Mpaka wewe na ule upuuzi wako."

"Nisamehe, mama."

"Sijakuambia uombe msamaha. Umeianza kazi ya watu. Imalize."

Nikasema, "Lakini mimi sikumjua marehemu."

"Uliza."

Nikasikia anaiweka simu mahali, na sauti ikawa ya uani, kuna watu wanasogeza viti. Hebu fikiria, dada. Nimesimama jikoni peke yangu, nimevaa suruali ya kulalia na sweta langu la kijani, napewa marehemu wa watu. Nikauliza, bibi alikuwa na kitu gani anaficha? Kwa maana nilijua hakuna bibi asiyeficha kitu. Wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema, "Ugoro." Kumbe alikuwa mtu wa kanisa, mzee wa kwaya, na ugoro wake alikuwa ameuficha ndani ya mkoba wa kitabu cha nyimbo. Mchungaji hajui. Nyumba nzima inajua, na bibi anajua wanajua.

Basi nikawa bibi. Nikainyanyua sauti juu, nikaanza kuomba kwa niaba ya jamaa wote, nawataja, nawaombea mvua, namwombea mchungaji awe na macho mabovu, na kila nikikaribia kusema amina napiga chafya. Naanza upya, "Bwana, tunakushukuru," chafya. Nikamwambia Petro wa mlangoni asinikague mkoba. Nikasema huku nilikofika mchanga ni mwingi kuliko Serowe, nileteeni jembe nitoke.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama Thato. Kicheko cha pua, kama mtu aliyejizuia. Halafu wengine. Halafu nikasikia kicheko kimoja kirefu cha kijana, kinapanda, kinavunjika katikati, kinageuka kilio. Nilikijua. Nikanyamaza. Tukamwacha alie. Nilisikia mama yake anamwambia maneno kwa lugha yao, polepole, sikuyaelewa na sikutakiwa kuyaelewa.

Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyingine. Nikamwambia, "Mama, kwetu mtani haondoki msibani mikono mitupu. Anadai, asipopewa haondoki."

"Unataka nini? Mbuzi? Utamfuataje?"

"Namtaka Thato darasani Jumatatu."

Hakumuuliza mtoto wala hakufikiri. Akasema, "Mchukue."

Nilipokata simu nikakaa chini sakafuni pale pale, nikamlilia mama yetu. Wewe ulilia siku ile, mimi sikulia. Nilikuwa mwanamume wa nyumba, nahangaika na sanda, na wageni, na maji ya kuoshea, kisha likizo ikaisha nikapanda basi. Kumbe kilio kilikuwa kinanisubiri jikoni Gaborone. Nimemlilia mama, na ghala lake, na sauti yake akituita majina yote mpaka alifikie la mtu anayemtaka. Nimelia na mipaka hii iliyofungwa. Usihuzunike kusoma haya, nilipomaliza nikasikia njaa, nikapika ugali nikala wote.

Jumatatu Thato aliingia mapema kuliko wote. Kamera iko wazi, ukuta ule ule. Akashika mchanga wa uani kwao, akaulowesha, akaufinyanga, ukamvunjikia mkononi. Nikamuuliza, "Utepe uko wapi?" Akasema, "Mwalimu, bibi ameuchukua, anafungia ugoro." Dada! Vijisanduku vikaanza kuwaka, kimoja kimoja, watu wanafungua kamera wamwone aliyesema hivyo, nikaziona nyuso zao, nyingine nilikuwa nimeshazisahau. Tangu hapo hajakosa kipindi, na jina lake liko kwenye orodha ya mtihani.

Basi nisikuchoshe. Nisalimie shemeji yangu mume wako, mwambie baiskeli yake bado naikumbuka na makalio yangu pia yanaikumbuka. Nisalimie shangazi wa Kiegei, mwambie nimepokea dua zake. Bakari nimesikia shule zimefunguliwa, asome, na aache kunipigia akiwa anakula miwa, simsikii. Mdogo wetu Zuhura wa Nachingwea mjini mwambie namdai habari, amenyamaza mno. Mama Chiku mfikishie salamu kwa heshima zake zote, umwambie nimeifanya kazi yake ugenini bila kumwomba ruhusa. Anitoze anachotaka. Na lile swali lako la mchumba nimelisoma, nimelielewa, nalitafakari.

Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nikaifungua tena. Jana baada ya kipindi wote walitoka, Thato akabaki. Akaniuliza, "Mwalimu, mama amenisimulia ya ile kanga ya mama yako. Watani wenu wa Chunyu, siku yako ikifika ukiwa huku na mipaka imefungwa, nani atakuja kukucheka?"

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka yote niliyokaa huku, sikujua kama kuna mtu mwingine analiona. Nikabaki naangalia kuku.

Akasema, "Basi hilo sweta la kijani ulilolivaa tangu tufungiwe ndani, usimpe mtu. Niachie mimi."

Nimemwachia.

Mdogo wako akupendaye, mwenye miguu Gaborone na masikio Mnero,

Sele